Kibodi ya Kilo Mbili Kule Maganzo

Msomaji wangu, kama kompyuta yako haijawahi kufa herufi A, mshukuru Mungu. Mzungu akikosa Q maisha yanasonga. Mswahili akikosa A, bwana, hata "mama" hawezi kuandika! Ndilo lililonikuta mwezi uliopita. Mhariri wangu naye hana utani: makala isipofika Jumatano, nafasi anapewa mwingine. Kibodi mpya pale Shinyanga mjini niliambiwa elfu ishirini. Mfukoni nilikuwa na elfu nane, na humo humo kuna nauli.

Mshikaji wangu mmoja akanipa dondoo: nenda Maganzo, kwa wanunuzi wa skrepa.

Nikadandia basi la Mwanza. Maganzo iko wilaya ya Kishapu, kando ya barabara kuu, na jirani yake ni Mwadui. Pale ndipo John Williamson, mjiolojia wa Kanada, alipovumbua almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi, karati 54.5 kabla ya kukatwa, akampa Princess Elizabeth zawadi ya harusi. Sisi wengine harusini tunatoa doti ya khanga! Ndiyo maana kijiweni Maganzo hukosi mtu wa kukuambia jiwe hili ni almasi na lile ni chupa. Jicho tu.

Mimi nikaenda kutumia jicho kwenye takataka.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimu mzee mwenye mizani. Akaitikia, akanionyesha kwa kidole lundo nyuma ya mabati: redio, feni, mifupa ya baiskeli, na kibodi kama thelathini hivi, zimekaangwa na jua.

Hapa sasa nikupe ujanja, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Kibodi yenye kitufe cha alama ya dirisha haijazaliwa kabla ya 1994. Hiyo iache, ni plastiki tupu. Ukikuta vitufe vya F vimepangwa mistari miwili upande wa kushoto, hicho ni kizee cha miaka ya 1980. Tazama kama kina taa tatu ndogo. Kikiwa nazo, ni cha mtindo wa IBM AT wa 1984, na kinaweza kuunganishwa na mashine za baadaye kwa kiungio rahisi. Kisipokuwa nazo, huenda ni cha mtindo wa XT. Hicho kinazungumza lugha nyingine kabisa, utakichomeka na kitanyamaza. Nilikuta pia moja ambayo mstari wa juu unaanza A-Z-E-R-T-Y. Hiyo ni ya Kifaransa, labda imevuka kutoka Burundi au Kongo. Vitu vya miaka ya 1970 usivihangaikie sana, maana mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na kibali hakikuwa cha mchezo.

Na kuna dalili moja sijaisoma popote, nimeiona kwa macho yangu. Kibodi iliyotumiwa na karani wa Kiswahili imefutika A kwanza. Ya mtu wa Kiingereza hufutika E.

Chini kabisa ya lundo nikashika kitu kizito kama tofali. Nikakigeuza. Lebo mgongoni: IBM, namba 1391406, mwaka 1989. Moyo ukaruka! Hiyo ndiyo wanayoiita Model M, toleo la Uingereza, yenye alama ya pauni juu ya 3. Chini ya kila kitufe kuna springi inayopinda na kugonga, na ndani kuna bamba la chuma. Herufi zake zimezama ndani ya plastiki, hazifutiki. Waya wake huchomoka, kwa hiyo nyingi hupotelewa nao. Huu ulikuwepo, umefungwa kwa kamba ya katani.

Tatizo lilikuwa lile bamba. Kijana wa pale alikuwa na nyundo mkononi, tayari kuivunja.

"Dogo, subiri!" nikapiga kelele.

Mzee akacheka, akaitundika kwenye mizani. Kilo mbili na zaidi.

"Mwanangu, umekimbia kama umeona almasi. Sasa bei ya chuma haifai tena. Elfu sita."

Ona nilivyojiponza kwa mdomo wangu! Nikalia, nikaapa, nikamtaja mama yangu. Hakushuka hata mia. Nauli ya kuja ilikuwa imekwishakula elfu mbili, na zilizobaki ndizo hizo hizo sita. Nikalipa.

Kurudi nilipanda juu ya lori la pamba, kibodi kifuani, nyuzi zimejaa puani. Fundi simu wa mtaani kwetu, ambaye ananidai tangu mwaka jana, akaniazima kiungio cha kuichomekea kwenye laptop. Nikabonyeza A. Ikatoka. Nikabonyeza tena, zikatoka mbili, kaa-kaa, kwa sauti ya kujenga nyumba.

Makala ilifika Jumanne usiku. Jumatano asubuhi mama mwenye chumba cha pili akanigongea, gauni mkononi. Alisikia cherehani usiku kucha, akaomba nimpunguzie kiuno.