Zamunda Ilipofika Majanji

Coming to America ilitoka Marekani mwaka 1988, lakini Majanji, mwalo wetu wa Ziwa Viktoria upande wa Uganda, ilichelewa kufika, kama vilivyochelewa lami, simu na umeme. Ilipokuja ilikuja kwenye mfuko wa nailoni kutoka Busia mjini: ukanda wa VHS uliokwisha kunakiliwa mara nyingi mno, hata theluji ya New York hukuweza kuitofautisha na chenga za ukanda wenyewe. Busia ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Tororo. Kuwa wilaya inayojitegemea kulisubiri hadi 1997. Sangara walikuwa tele ziwani, wavuvi walikuwa na pesa, na karibu na mwalo palikuwa na kibanda cha video chenye kuta za mabati, mabenchi ya mbao na jenereta moja iliyokuwa na kiburi cha pekee.

Watazamaji walikuwa mchanganyiko wa mwalo wowote wa mpakani: Wasamia wa pande zote mbili, Wasoga, Waluo, na akina mama wachuuzi waliovuka kutoka Sio Port. Kwa hiyo mfasiri alitumia Kiswahili. Alikuwa kijana aliyesomea Kenya. Alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, akimgusa kila mhusika kwenye kioo kabla ya kumsemea. Queens ya New York aliigeuza Kisenyi ya Kampala. Mgahawa wa McDowell's ukawa hoteli ya chipsi. Na palipofika pale mwanzoni, ambapo Akeem, mwana wa mfalme wa nchi ya kubuni ya Zamunda, anaogeshwa na wasichana, alivua shati lake akaning'iniza mbele ya kioo, akaendelea kusimulia kwa mdomo, na kwa simulizi lake tukaona mengi kuliko yaliyofichwa. Marekani filamu hiyo ilikuwa ya watu wazima. Majanji hakuna aliyeulizwa umri, mradi mia yako iko mkononi.

Zamunda tuliicheka sana. Tembo wanapita bustanini, pundamilia nao wanatembea tu, mfalme kavaa ngozi ya simba begani kama taulo, na hakuna anayelima. Hiyo ilikuwa Afrika ya Wamarekani, na kila mtu kibandani alijua hivyo. Lakini hatukukasirika. Ufalme wenyewe ulikuwa habari ya mjini. Falme za Uganda zilikuwa zimefutwa miaka ya sitini, kisha mwaka 1993 nyingi zikarudishwa, Kabaka Ronald Mutebi wa Buganda akatawazwa baada ya kuishi Uingereza kwa miaka mingi. Mfalme aliyetoka ng'ambo tulikuwa naye wetu. Mwaka 1999 alipomwoa Sylvia Nagginda, aliyekuwa amesoma na kufanya kazi Marekani, utani wa Akeem ulienea mwaloni mzima, na hata wasio Waganda walisikiliza harusi hiyo redioni.

Kilichotushika hasa ni ule ufagio wa Akeem. Mwalo wetu ulikuwa na desturi yake ya uchumba: kijana akiuza sangara mkubwa asubuhi, ilipofika jioni mji mzima ulijua. Shati jipya, redio begani, soda kwa msichana, soda kwa dada zake, soda kwa shangazi. Pesa ilikuwa ndiyo barua ya mapenzi. Halafu anakuja huyu Akeem wa Eddie Murphy, mwenye dhahabu isiyohesabika, anadeki sakafu ya hoteli ya watu ili Lisa McDowell, binti wa mwenye hoteli, ampende bila kujua. Na huyo Lisa, aliyeigizwa na Shari Headley, hakuwa pambo. Alikuwa na kazi, alikuwa na maneno yake, alimkatalia baba yake mchumba tajiri aliyechaguliwa kwa sababu ya mafuta ya nywele. Wavulana wengi walitoka pale wakiapa kwamba nao wataficha pesa zao. Kiapo hicho kilidumu hadi mauzo ya kesho yake.

Shangazi yangu mmoja hakukubali. Wanawake wenziwe walipokuwa wakimsifu Akeem, yeye alisema, "Mwanangu, mwanaume anayeficha pesa hashindwi kuficha mtoto." Tulicheka, tukasema shangazi hana mapenzi.

Jenereta ilikuwa na tabia ya kuishiwa mafuta pale kwenye garimoshi la chini ya ardhi, Akeem anapomwambia Lisa yuko tayari kuuacha ufalme kwa ajili yake naye anakataa. Giza. Mwenye kibanda harudishi pesa. Wapo waliokaa miaka wakiamini kwamba hadithi inaishia hapo, kila mtu na njia yake, na waliposikia kwamba mwishoni Akeem na Lisa wanaoana walibisha. Sikuwalaumu. Ule mwisho wa kukatika ulikuwa mzuri kwa namna yake.

Muendelezo, Coming 2 America, ulikuja Machi 2021, miaka 33 baadaye. Paramount walikuwa wameuuza kwa Amazon kwa sababu korona ilifunga majumba ya sinema, kwa hiyo ukaonyeshwa kwenye mtandao wao. Majanji hatuna jumba la sinema la kufungwa, ila kafyu tulikuwa nayo. Niliutazama nyumbani kwenye kompyuta ya mpwa wangu, kutoka kwenye flashi iliyopitia mikono nisiyoijua.

Kisa chenyewe ni hiki. Akeem amepata mabinti watatu, lakini sheria ya Zamunda inataka mrithi wa kiume. Hapo ndipo inagunduliwa kwamba usiku mmoja kule Queens, kabla hajampata Lisa, alileweshwa na mwanamke asiyemjua, na kuna kijana amezaliwa. Shangazi alikwishafariki. Laiti angekuwepo, asingetupumzisha.

Ubaya si kwamba muendelezo haukuchekesha. Wenye kuchekesha wamo. Ubaya ni kwamba ulirudi nyuma ukaichezea filamu ya kwanza. Yule kijana mwenye ufagio, aliyetafuta mtu wa kumpenda kwa dhati, sasa ana usiku mchafu aliopachikwa miaka 33 baadaye ili hadithi ipate pa kuanzia. Lisa, yule aliyekuwa na maneno yake, amewekwa mezani na taji, anakasirika kidogo, analewa kidogo, basi. Binti mkubwa, Meeka, anayeufaa ufalme tangu dakika ya kwanza, anasubiri filamu nzima ili baba yake aone kile ambacho mtazamaji amekwisha kukiona. Mapenzi mapya kati ya kijana wa Queens na kinyozi wa ikulu yanapita haraka, ingawa kinyozi huyo wamempa jina la Kiganda, Mirembe, na Uganda nzima ilitabasamu kidogo kwa hilo. Na yule msichana aliyechaguliwa na wazazi awe mke wa Akeem, aliyeambiwa mwaka 1988 arukeruke kwa mguu mmoja na kubweka, bado anaruka na kubweka. Miaka yote hiyo! Kichekesho kile cha kwanza kilikuwa aibu ya dakika moja. Hiki cha pili ni unyama.

Kuna wazo zuri limefichwa humo: kijana aliyeikimbia amri ya baba amekuwa baba mwenye amri ileile. Hilo lilistahili filamu, nasi tunawajua akina Akeem wa namna hiyo, waliooa kwa mapenzi na sasa wanawahesabia wakwe ng'ombe. Waandishi waliligusa, wakaenda kucheza muziki.

Sehemu moja iliwatoka vizuri. Mfalme Jaffe Joffer, baba yake Akeem, anaamuru matanga yake yafanywe akiwa hai, asikie atakavyosifiwa, waimbaji wanakuja, kisha anakata roho palepale. Kwa watu wa matanga makubwa kama sisi Wasamia, hilo halihitaji mfasiri. Aliyemwigiza ni James Earl Jones, aliyekuwa na miaka 90 filamu ilipotoka, naye alifariki kweli Septemba 2024. Malkia wake wa 1988, Madge Sinclair, alitangulia mwaka 1995, baada ya wawili hao kutoa tena sauti za mfalme na malkia, Mufasa na Sarabi, katika The Lion King.

Siku hizi lami imefika Majanji, na kibanda kinaonyesha mpira wa Uingereza. Mwaka 2017 wanajeshi waliletwa kulinda ziwa, mitumbwi isiyotakiwa ikachomwa moto, na vijana wa kununua soda kwa ukoo mzima wamepungua. Ukiipata flashi yenye filamu zote mbili, itazame ya 1988 hadi harusi. Ya pili tazama matanga ya Jaffe, kisha zima.