Swali ambalo halikuwamo kwenye daftari

Mimi na mume wangu tumeweka akiba tangu tulipooana. Mwaka huu tukasema sasa basi, tutafute nyumba yetu hapa Kilwa Masoko. Dalali alipopiga simu kwamba ipo ya vyumba vitatu, kwa bei tunayoiweza, usingizi uliniruka. Nikachukua daftari nikaanza kuandika maswali.

Kwa kuwa naandika habari za afya, yalikuja yenyewe. Kisima kiko umbali gani na choo? Wataalamu hushauri isipungue mita 30. Madirisha yana wavu wa mbu? Mvua kubwa ikinyesha, maji hutuama wapi? Hilo nililipigia mstari, maana hapa hatujasahau Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kwenda Dar es Salaam.

"Nendeni siku ya mvua," mama alinishauri kwa simu kutoka Lindi. "Jua linaficha mengi, mwanangu."

Tukaenda siku ya mvua. Bati halikuvuja, uwanja haukutuama maji, kisima kilikuwa mbali na choo. Mwenye nyumba, mzee mchangamfu, akatuonyesha hati yenye jina lake. Mume wangu alishaanza kupima kwa macho kitanda cha mtoto kitakaa wapi.

Nikaomba kuona jiko. Nilimkuta mke wa mzee ameketi kwenye mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamuuliza kama moshi hutoka vizuri. Akanijibu, kisha akashusha sauti: "Kwani mmekuja kufanya nini?"

Maswali yote niliyoyaandika, hilo halikuwamo. Nikamwambia ukweli: "Tumeitwa kuinunua nyumba, mama." Akaweka kifuu chini, asiseme neno.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Nilikuwa naijua sheria hiyo. Siku ile, kwa hamu ya nyumba, haikunijia kabisa.

Njiani mume wangu alisema, "Bei ile hatutaipata tena." Huenda ni kweli. Lakini ningelalaje kwenye chumba ambacho mama mwingine ametolewa bila kuulizwa? Tulimwambia dalali tutarudi siku mzee na mkewe watakapokaa nasi pamoja, mbele ya uongozi wa eneo, na hati ikishathibitishwa ofisi ya ardhi ya wilaya. Mpaka leo hajapiga.

Bado tumepanga, na akiba ipo. Mzazi mwenzangu, ukienda kukagua nyumba, angalia bati, kisima na choo. Kisha ingia jikoni, msalimie mama mwenye nyumba, ukae kidogo. Kwenye daftari langu, swali la kwanza sasa ni hili: mwenzake anajua?