Tulimuuliza maswali bila kujua majibu



Jumamosi iliyopita likelemba yetu ya Katuba ilichelewa kuisha. Binti wa mwenzetu mmoja alikuwa ameitwa Jumanne kwa mahojiano ya kazi ya kutunza ordinatere na mtandao wake. Mwaka jana, katika kampuni nyingine, aliulizwa swali moja akanyamaza, machozi yakamlenga. Jibu alilijua. Hakuwa amewahi kulisema kwa mdomo.

Mama yake akatuomba: "Muulizeni." Tukacheka. Sisi wauza mboga na makala, tumuulize nini juu ya Linux? Lakini binti alituletea daftari lake la maswali, tukaanza kusoma.

La kwanza: mtu wa ofisi analalamika intaneti haifunguki, utafanya nini? Akataja amri kumi kwa pumzi moja. Mama mwenyekiti akamkatiza: "Mwanangu, sijaelewa. Unaanzia wapi?"

Hapo akatulia. Kwanza anaangalia kama waya umeingia vizuri. Kisha kama mashini imepata anwani. Kisha anapiga ping kwa ile mashini inayotoa njia ya kwenda nje. Ikiitika, anajaribu ya mbali, 8.8.8.8. Hiyo nayo ikijibu, lakini ukiandika jina la tovuti halifunguki, basi ugonjwa huenda uko kwa DNS, inayogeuza majina kuwa namba. Mmoja wetu akasema: ni kama kuijua nyumba kwa namba ya kiwanja, lakini ukitaja jina la mwenyewe hakuna wa kukuonyesha. Akauandika mfano huo.

Ruhusa za mafaili zilitusumbua zaidi. Kusoma ni 4, kuandika 2, kuendesha programu 1. Kwa hiyo 640: mwenye faili anasoma na kuandika, kikundi chake kinasoma tu, wengine hawana kitu. Kumbe ni daftari la likelemba! Katibu anaandika, wanachama wanasoma, jirani asiguse.

Umeme ulikatika, tukaendelea na mshumaa. Alipokwama tulimkataza kubuni. Aseme hajui, kisha aeleze angetafuta wapi.

Jumanne alirudi saa nane mchana. Lile la intaneti waliliuliza. Simu yao bado hatujaipata, na mama yake haiachi yake hata akienda kisimani.

Mwenye binti au kijana anayeitwa kwa mahojiano amlete Jumamosi, baada ya likelemba, na daftari lake. Mwenye ordinatere ya kuazima atuambie.