Kijana wangu alikuwa anaongeza oili usiku

Mlio ulianza tulipoipita Kakola, tukielekea Geita na magunia ya mchele nyuma ya Noah yetu. Ko, ko, ko. Mke wangu ndiye aliyeusikia kwanza.

"Baba, gari inagonga."

Nikamwambia ni barabara. Aliporudia, nikaongeza sauti ya redio.

Siku chache baadaye, tukiwa tumerudi Kahama, taa nyekundu ya oili ikaanza kupepesa kila nikisimama. Hapo ndipo nilipokubali kwenda gereji. Ilikuwa likizo, nikaenda na kijana wangu wa kidato cha tatu ili ashike tochi.

Fundi hakukimbilia spana. Aliuliza maswali kama daktari. Linagonga likiwa la baridi au la moto? Ukikanyaga mafuta mlio unaongezeka? Mafuta ulinunua kituoni au kwenye vidumu? Akasema petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo hufanya injini igonge, hasa kwenye mlima. Aliziona sana gari za namna hiyo enzi za uchakachuaji, kabla EWURA haijaanza mpango wa vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010.

Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni. Juu kulikuwa shwari. Mlio mwepesi wa juu, alisema, mara nyingi ni valvu. Huu ulikuwa mzito na ulitoka chini. Akachomoa waya za plagi moja baada ya nyingine. Alipofika ya tatu, mlio ukapungua.

"Beringi ya konrodi, pistoni namba tatu," akasema.

Kijiti cha oili kilitoka karibu kikavu. Alipofungua nati ya chini, oili kidogo iliyobaki ikamwagika kwenye karai, ikimeremeta juani. Kwetu huku, karai likimeremeta watu hufurahi. Fundi alitikisa kichwa. Ile ilikuwa beringi iliyosagika.

Kisha akalala chini ya gari. "Mzee, sampo imepigwa jiwe. Imebonyea mpaka inaziba njia ya pampu kunyonya oili, halafu ina ufa. Nani mwingine anaendesha?"

"Ni mimi tu," nikajibu.

Mwanga wa tochi ukaanza kutetemeka.

Fundi alimtazama kijana, akanitazama na mimi. "Mzee, hebu kaninunulie soda hapo mbele." Niliporudi akaipokea, akasema, "Kijana ana maneno yake. Msikilize mpaka mwisho, mimi naendelea na nati."

Miezi miwili nyuma, nilipokwenda msibani Shinyanga kwa basi, alichukua ufunguo. Ana miaka kumi na sita, leseni hana. Akawapakia wenzake kwenda kutazama maduara ya wachimbaji, na njiani akapanda jiwe. Kesho yake aliona tone la oili uani. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi usiku tulipolala, alikuwa akiongeza oili ya chupa aliyonunua kwa pesa ya andazi la shule. Asubuhi alifukia matone kwa mchanga. Ufa ulipokua, pesa ya andazi haikutosha tena.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Baba, ningekuambia ungeniua."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayetaja saa. Nikakumbuka mwaka uliopita, alipovunja kioo cha simu yangu na kuja mwenyewe kukiri. Nilimchapa mpaka mama yake akaingilia kati. Siku ile nilidhani nimemfundisha kutunza vitu. Kumbe nilimfundisha kuficha.

Sikumpiga. Lakini sikumwachia hivihivi pia. Likizo yote iliyobaki alishinda gereji akiosha nati kwa petroli. Krankshafti ilipelekwa Mwanza kuchongwa, tukaweka beringi mpya zinazolingana nayo, sampo ikanyooshwa na kuchomelewa. Hela ilikuwa ya mpunga wa msimu mzima. Kama oili ingepimwa mapema, tungelipia kuchomelea tu.

Na hilo la kupima ni kosa langu. Miezi miwili mtoto alikuwa akiongeza oili, mimi mwenye gari sikuwahi kuvuta kijiti hata mara moja. Tena niliambiwa na mke wangu, nikaongeza redio.

Mzazi mwenzangu mwenye gari, pima oili asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare. Vuta kijiti, kifute, kirudishe, kivute tena. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, simama na uzime injini. Usiseme utafika tu hapo mbele.

Siku hizi kijana ndiye anayepima, kila Jumapili, nami nasimama pembeni. Jumapili iliyopita alifuta kijiti, akakiangalia muda mrefu kuliko kawaida.

"Oili iko sawa, Baba." Akanyamaza kidogo. "Ila hesabu nimepata F."

Moyo ulinipanda. Nikashika boneti kwa mikono miwili, nikamwambia alete daftari tuone alipokwama.