Idd Kibokoni: Sinia moja, jamaa kutoka pande zote

"MWEZI umeandama!"

Maneno hayo mawili yakishasikika kwenye redio ya dukani, huna haja ya kuuliza jambo jingine. Watoto hutoka mbio vichochoroni, akina mama huitana kutoka dirisha hadi dirisha, na harufu ya udi huanza kutoka kila mlangoni. Usiku huo Kibokoni hailali.

Ikiwa wewe ni mkazi wa Nairobi, Nakuru au Kisumu na umezoea kuhesabu sikukuu kwa Krismasi peke yake, panga safari moja ukajionee jinsi Idd-ul-Fitr inavyosherehekewa katika mtaa huu wa Mji wa Kale, Mombasa. Mimi nimekwenda mara kadhaa kwa mwaliko wa rafiki niliyesoma naye, na kila nirudipo huwa nimeongeza kilo mbili na jamaa watano.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba Idd haina tarehe moja kama Krismasi. Mwaka wa Kiislamu huwa mfupi kuliko huu wa kawaida kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hivyo kila mwaka sikukuu hurudi nyuma kwa kiasi hicho. Chungulia kalenda mapema, kisha ukate tikiti mapema zaidi. Siku hizo mabasi ya Mombasa hujaa, na treni ya mwendo wa kasi iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017 nayo hujaa vile vile. Ukipata treni, utashukia Miritini, kisha utapanda matatu hadi kisiwani.

Kuingia Kibokoni ni rahisi. Simama penye Fort Jesus, ile ngome Wareno walioanza kuijenga mwaka wa 1593 na ambayo mwaka wa 2011 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Bahari iache upande mmoja, ufuate njia zinazoingia mjini. Barabara kubwa ya zamani ya hapa huitwa Ndia Kuu. Kwa Kimvita njia ni "ndia", na jina hilo halijabadilishwa. Ukiendelea hivyo utauona Msikiti wa Mandhry, wa takriban mwaka wa 1570, na mnara wake mweupe. Kibokoni iko papo hapo, hatua chache tu.

Usishangae njia zikiwa nyembamba. Zilijengwa kwa ajili ya watu, punda na mikokoteni, tena ule wembamba wenyewe huleta kivuli na upepo. Nyumba nyingi za kale ni za ghorofa mbili au tatu, kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Nje kuna roshani za mbao, milango ya nakshi, na baraza za kukalia wazee wakinywa kahawa chungu.

Usiku wa kuamkia Idd

Maandalizi huanza katika kumi la mwisho la Ramadhani. Marikiti, wauza viungo hupima iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga mpaka usiku. Mtaa wa Biashara, akina mama huchagua leso huku wakisoma majina kwa sauti na kucheka. Majumbani huchomwa mikate ya mayai na kukaangwa visheti, na watoto hufukuzwa jikoni mara kumi na kurudi mara kumi na moja.

Mwezi ukiandama, wasichana hukaa wakatiwa hina. Mafundi cherehani huwa bado wanashona vifungo vya kanzu za watu waliosema "kesho nitakuja" kwa wiki tatu. Vinyozi nao hukesha.

Mara nyingine mwezi wenyewe huleta ubishi. Wako wanaongoja tangazo la Kadhi Mkuu na wako wanaofuata Saudia, na katika nyumba moja unaweza kumkuta kaka amefungua na dada bado amefunga. Bibi wa rafiki yangu ana dawa ya ubishi huo: hupika siku zote mbili. "Mimi na chungu changu," huniambia, "hatuna upande."

Asubuhi ya mkono wa Idd

Alfajiri takbira husikika kutoka kila upande. Wanaume na watoto, kanzu nyeupe na kofia za kushonwa kwa mkono, huelekea kuswali. Wakirudi, kazi ya kwanza ni kupita kwa wazee. Mtoto huingia, huamkia "Shikamoo", hubusu mkono, na mkono ule hufunguka ukatoa noti au sarafu. Huo ndio mkono wa Idd. Kufikia saa nne, watoto wa Kibokoni huwa wanajua hesabu kuliko mkaguzi wa benki.

Kifungua kinywa ni cha haraka lakini si haba: tambi za sukari zilizotiwa iliki, mahamri na mbaazi za nazi, maini, mkate wa mayai na chai ya maziwa. Mgeni asile akashiba hapo. Mimi nilifanya kosa hilo mwaka wa kwanza, na mchana nikaaibika mbele ya pilau.

Pilau ya Idd haipikwi kwa haraka. Vitunguu hukaangwa mpaka viive rangi ya kahawia iliyokoza, kwa maana hapo ndipo pilau ipatapo rangi yake. Hufuata thomu, tangawizi, nyama na viungo, kisha mchele. Maji yakikauka, makaa ya moto hupaliwa juu ya kifuniko ili wali uive kwa chini na kwa juu. Biriani ni jambo jingine: wali hupikwa mbali, mchuzi wake mzito mbali, na hukutana wakati wa kupakua. Ukivichanganya viwili hivi mbele ya mpishi wa Mombasa, utasahihishwa kwa adabu lakini bila huruma.

Chakula huja kwa sinia, na kila sinia huzungukwa na watu watano au sita mkekani. Pembeni kuna kachumbari, achari ya maembe na ndizi mbivu. Wanaume huwa chumba kimoja, wanawake na watoto wadogo chumba kingine, na vicheko vya wanawake ndivyo vikubwa zaidi. Siku yangu ya kwanza nilitafuta kiti. Bibi akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni mgeni au ni mwana wa nyumba? Mgeni hukaa kitini. Mwana wa nyumba hukaa mkekani." Nikakaa mkekani, na tangu siku hiyo sijapewa kiti tena.

Muziki na Makadara

Jua likipungua, mji mzima hushuka Makadara. Hapo kuna pembea, viazi karai, mabuyu ya rangi, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na kelele za watoto wanaotumia mkono wa Idd mpaka senti ya mwisho. Jamaa ambao hawakuonana mwaka mzima hukutana wakiwa wamesimama, na mazungumzo ya dakika moja huchukua saa nzima.

Na muziki je? Hapa yataka uangalifu. Si kila nyumba hupiga ala siku ya Idd. Nyingine huridhika na kasida na twari. Lakini katika nyumba ya rafiki yangu, alasiri ya Idd ni ya taarabu, na mji huu una haki ya kujivunia. Hapa ndipo alipoishi na kupiga udi Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 2016. Hapa Juma Bhalo, aliyefariki mwaka wa 2014, aliimba kwa mahadhi ya Kihindi mashairi ya malenga kama Ahmad Nassir. Zuhura Swaleh na Maulidi Juma nao waliwapa watu wa pwani nyimbo za kuchezea harusini. Sauti ya tashkota, ala yenye asili ya Ujapani, ikisikika katika wimbo, mzee yeyote wa mtaa huu atakwambia hiyo ni taarabu ya Mombasa.

Zamani nyimbo hizi zilienea kwa kaseti, nyingi zikirekodiwa na kuuzwa papo hapo Mji wa Kale na Mbwana Radio Service. Leo vijana huzicheza kwa simu. Ami wa rafiki yangu bado ana sanduku la kaseti, na kila Idd hulifungua kama mtu anayefungua sanduku la dhahabu.

Idd pia hufungua msimu wa harusi. Katika Ramadhani watu hawaozi, kwa hivyo mfungo mosi ukiingia, kadi za mialiko huanza kugawanywa. Ukikaa wiki moja zaidi, huenda ukaalikwa, na hapo utaona mwimbaji anavyotuzwa noti mbele ya watu. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga.

Swali baada ya pilau

Katika safari yangu ya mwisho, hata hivyo, jambo moja lilininyima usingizi wa mchana.

Sinia zilipokwisha kuondolewa na kahawa kuletwa, ami mmoja aliyekuja kutoka Maskati alikohoa, akasema wazi kilichokuwa kikinong'onwa tangu asubuhi. Nyumba imechoka. Ngazi zimeliwa na mchwa, paa linavuja, na ukuta wa nyuma umepasuka. Kuitengeneza ni ghali, tena Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, huwezi kubomoa na kujenga upendavyo. Kuna mtu ametoa bei nzuri. Kwa nini isiuzwe, kila mrithi apate chake?

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakusema uongo. Watoto wa Bibi wametawanyika: mmoja Maskati, mmoja Nairobi, wawili wamehamia ng'ambo ya pili, Nyali na Bamburi, kwenye nyumba zenye mahali pa kuegesha gari. Si wao peke yao. Jamaa nyingi za mtaa huu sasa huishi mbali, na Kibokoni kwao imekuwa pahala pa kuja Idd, harusini na mazikoni.

Bibi alimaliza kahawa yake kwanza. Kisha akasema, "Pesa hizo mutazigawa kwa siku moja. Mwakani mukija, sinia n'taliweka wapi?"

Ami akajaribu kusema kuwa kuna hoteli, kuna kumbi. Bibi akamkumbusha mwaka wa 2020.

Msomaji utakumbuka kwamba tarehe 6 Mei mwaka huo, kwa ajili ya korona, serikali iliufunga Mji wa Kale pamoja na Eastleigh ya Nairobi. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka mpaka mapema Juni. Idd ikaangukia katikati. Misikiti imefungwa, Makadara hakuna pembea, na watoto wa Bibi waliokuwa umbali wa dakika ishirini tu kwa gari wakampa mkono wa Idd kwa simu.

"Mwaka ule," alisema Bibi, "nilipika kibaba kimoja cha mchele. Kilin'shinda kula."

Nilimtazama ami. Alikuwa ameinamisha kichwa, anazungusha kikombe kitupu. Baada ya muda aliuliza fundi wa paa siku hizi hutoza kiasi gani.

Siwezi kukwambia, msomaji, kwamba nyumba imeokoka. Kesho yake fundi alikuja, akapanda, akashuka akitikisa kichwa na kutaja bei iliyowafanya wote wanyamaze. Walichokubaliana ni kimoja: paa kwanza, kila mmoja atoe kadiri ya uwezo wake, na suala la kuuza lisitajwe mpaka Idd ijayo. Halikufa, limeahirishwa. Lakini nilipokuwa nikiaga, nilimsikia ami yule yule akiwaambia wanawe kwa simu wajitayarishe, kwani mwakani watakuja wote.

Wahenga walisema undugu wa nazi hukutania chunguni. Watu hupenda kuitaja methali hiyo kwa kejeli, kwamba ndugu hao hawajuani mpaka wakati wa kuliwa. Kibokoni nimeisikia kwa maana nyingine: afadhali chungu kiwepo, ndugu wapate pa kukutania.

Ukienda

Ukibahatika kualikwa, vaa nguo za heshima, wanawake kwa wanaume. Vua viatu mlangoni. Usipige mtu picha bila kumwomba, hasa akina mama. Usiende mikono mitupu: kilo moja ya tende au halua yatosha, na noti ndogo ndogo za kuwapa watoto zitakufanya maarufu mtaa mzima. Kama huna mwenyeji, nenda Makadara jioni, keti penye viazi karai, toa salamu ya "Idd mubarak" kwa aliye karibu nawe. Mwenyeji atapatikana.

Na ukiambiwa "karibu mkekani", usitafute kiti.