Sahihi Nne

Machi 3
Bahasha imefika mchana. Nimenawa mikono, nikapangusa meza, ndipo nikaifungua. Picha ya studio, imebandikwa kwenye kadi ngumu, na chini yake sahihi ya wino uliokwisha kugeuka hudhurungi. Muuzaji aliniandikia kwamba huyu ni Sir Richard Webster, aliyeongoza mawakili wa Uingereza katika shauri la mpaka wa Venezuela na Guiana ya Kiingereza, na kwamba aliitia sahihi pale pale Paris, 1899. Nimelipa bei ya Paris.

Usiku nimeikalia na kioo cha kukuzia. Wino ni wa mkono: kalamu ilipokandamizwa imeacha mifuo miwili myembamba, na mstari unapokatana na mstari wino umekolea. Sahihi ya kupigwa chapa haina mifuo. Ila jina lililoandikwa ni neno moja tu: Alverstone.

Machi 4
Usingizi haukuja. Webster alipewa ulodi wa Alverstone mwaka 1900, na Mwingereza akishakuwa lodi hutia sahihi kwa jina la cheo peke yake. Oktoba 3, 1899, hukumu ya Paris ilipotolewa, hapakuwa na mtu wa jina hilo wa kuandika hivi. Nimemweleza muuzaji. Kajibu kwamba hilo ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo! Tarehe ikiwa ya uongo, nilichonacho ni sura ya mzee tu.

Machi 9
Muuzaji amekubali kunirudishia pesa zote. Nimemwambia anirudishie nilichozidishiwa, picha inabaki.

Maana nimetambua kwamba huyu Alverstone ndiye niliyekuwa nikimtafuta. Mwaka 1903 alikaa London na wenzake watano kuamua mpaka wa Alaska: Wamarekani watatu, Root, Lodge na Turner; Wakanada wawili, Jetté na Aylesworth; na yeye, Mwingereza peke yake. Walikuwa wakisoma mkataba wa 1825 kati ya Uingereza na Urusi, ambao Marekani iliurithi ilipoinunua Alaska mwaka 1867. Dhahabu ya Klondike ilikuwa imeyapandisha thamani maji ya pwani ile, na Kanada ilitaka vichwa vya ghuba zake ipate njia ya baharini. Alverstone aliegemea upande wa Wamarekani. Visiwa vinne vya mlango wa Portland vikagawanywa, viwili huku na viwili kule. Hukumu ilitoka Oktoba 20 ikiwa na sahihi nne. Jetté na Aylesworth walikataa kuweka zao.

Machi 16
Mpwa wangu amekuja, akaifungua albamu. "Mjomba, mbona hawa wawili umewaweka ukurasa wao peke yao?" Nikamwonyesha picha ya Aylesworth, wakili wa hapa hapa Toronto. Sahihi yake imeenea ukingo wote wa kadi, mkia wa herufi ya mwisho umepanda hadi kwenye koti. Mtu asiye bahili wa jina lake. Nikamwambia kuna karatasi moja tu aliyoinyima jina hilo, na ndiyo maana naipenda picha hii kuliko zote.

Akauliza Watlingit, wenye pwani ile, walikaa wapi mezani. Hawakuwa na kiti. Nikamkumbuka bibi wa Vanga, minazi yake ikiwa ng'ambo ya mpaka, Jasini. Mpaka ule Waingereza na Wajerumani walikubaliana wenyewe mwaka 1886, na kwetu hakuna aliyeletewa karatasi hata ya kuikataa. Mpwa alinyamaza muda mrefu, nami sikuongeza neno.

Machi 17
Nimempa Alverstone ukurasa unaotazamana na Wakanada. Nyuma ya kadi, kwa penseli laini isiyochimba, nimeandika: "Si Paris. 1900 au baadaye."