Wimbi la Jangwani

Karibu na Walvis Bay katika Namibia jangwa lashuka mpaka baharini, wala hapana mti. Tangu mwaka 2008 ufuko huo umejulikana duniani kwa wale watelezao juu ya mawimbi kwa ubao. Dhoruba za mbali kusini mwa Atlantiki huleta wimbi. Likifika kwenye ulimi wa mchanga hupinda, likavunjika mbiombio zaidi ya kilometa moja. Mwenye ubao hupita ndani yake kama katika pango linalofungika nyuma yake. Maji ni baridi, ukungu mwingi, na mkondo humkokota. Hurudi kwa miguu, sili wakimtazama. Lakini mchanga huhama, na msafiri aweza kungoja wiki nzima akiikuta bahari imelala.